Detekta inalia, shimo halina kitu: utatuzi wa matatizo kwa watafutaji wa sarafu na vifungo vya vita vya 1914–1918

Mwenye detekta mpya, yaani mashine ya kutafuta vitu vya metali vilivyofukiwa ardhini, akianza kulalamika, lalamiko la kwanza huwa ni kwamba ameuziwa mashine mbovu. Nyumbani ilikuwa inalia vizuri juu ya pete na funguo, lakini ameifikisha shambani Taveta au Himo, inakoroma mfululizo kama redio isiyoshika stesheni. Anachimba, hapati kitu. Anahama hatua kumi, hali ni ile ile.

Mashine hizi hufa mara chache. Zikisumbua, anza na udongo, kisha mipangilio, kisha waya na betri, na mashine yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa. Nimeandika nikifikiria hasa ukanda wa mpakani kati ya Voi na Kahe, ambako majeshi ya Uingereza, India na Afrika Kusini yalipigana na Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani lililoongozwa na Lettow-Vorbeck: Salaita tarehe 12 Februari 1916, halafu vilima vya Latema na Reata mwezi uliofuata. Udongo wa kule ni mwekundu, umechanganyika na mawe ya volkeno, na ndio unaowashinda wengi.

Kabla ya hayo yote, kibali. Kenya kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979. Kwenye maeneo ya kihistoria, nchi zote mbili zinataka leseni kabla hujachimba kutafuta vitu vya kale, na ruhusa ya mwenye shamba peke yake haitoshi. Ndani ya hifadhi kama Tsavo usiingie na detekta. Kwenye makaburi ya vita ya Taveta, Voi, Maktau au Tanga usiiwashe kabisa. Pale wamelala watu. Njia nzuri kwa anayeanza ni kujiunga na timu ya watafiti yenye kibali. Wanahitaji sana mtu anayeijua mashine, na utajifunza zaidi kwa wiki moja nao kuliko kwa mwaka mzima wa kuchimba peke yako.

Mashine inalia kila mahali

Simama. Inua koili, ile sahani ya chini ya fimbo, hadi usawa wa kiuno, uishike bila kuitikisa, usikilize.

Ikiendelea kulia hewani, udongo hauhusiki. Kuna umeme karibu. Simu iliyo mfukoni ndiyo ya kwanza kushukiwa: izime au iweke mbali na koili. Halafu tazama juu kama kuna nyaya za umeme, na tazama kama kuna mwenzako mwenye detekta ya masafa yanayokaribiana na yako. Taita Taveta kuna jambo jingine la kuangalia: uzio wa umeme wa kuzuia tembo. Mlio wake unautambua kwa mpigo. Unasikia tik, kimya, tik, kimya, karibu kila sekunde, hata koili ikiwa haigusi chochote. Badilisha masafa kama mashine yako inaruhusu, punguza usikivu, au sogea mbali na uzio. Hakuna dawa nyingine.

Ikinyamaza hewani ila ikalia tu unapoitikisa, shika waya unaotoka kwenye koili. Waya uliozungushwa kwa kulegea kwenye fimbo hucheza, na kila unapocheza mashine huhesabu kwamba imepita chuma. Uzungushe kwa kuubana, ufunge kwa kamba ya kitambaa karibu na koili. Kagua plagi. Fungua kile kifuniko cha plastiki cha chini ya koili uone kama kimejaa vumbi jekundu. Likichanganyika na umande linatosha kuleta mlio wa uongo. Na betri usizichanganye mpya na kuukuu.

Ikinyamaza kabisa hewani na kuanza tena unaposhusha koili, hapo ni udongo.

Chukua sumaku ndogo, hata ya spika iliyokufa, uifunge ndani ya mfuko wa plastiki na uiburute kwenye udongo mkavu. Ukiiinua utaona ndevu nyeusi za punje laini zimesimama juu ya plastiki. Hizo ni oksaidi za chuma, magnetaiti kwa sehemu kubwa, kutoka kwenye mawe ya volkeno. Geuza mfuko nje ndani, zitabaki humo uzitazame. Kadiri ndevu zinavyokuwa nene ndivyo mashine yako itakavyohangaika, kwa sababu koili inarusha mawimbi ardhini na zile punje zote zinajibu kwa pamoja, sarafu ikiwa inajaribu kujibu katikati yao.

Cha kufanya ni kusawazisha mashine na ardhi. Tafuta kipande kisicho na chuma, bonyeza kitufe cha kusawazisha, pandisha na kushusha koili kutoka kama sentimita 30 hadi karibu na udongo, mpaka mlio ubaki ule ule juu na chini. Rudia kila unapovuka kutoka udongo wa rangi moja kwenda mwingine. Wengi hufanya asubuhi moja tu, wakasahau, na kufikia saa sita wanapambana na ardhi tofauti kabisa.

Mashine za bei nafuu hazina kitufe hicho. Garrett ACE 250, kwa mfano, imepangwa kiwandani na huwezi kuibadilisha. Hapo una njia tatu: punguza usikivu hadi kelele zikome, inua koili sentimita mbili au tatu na uitembeze kwa kimo kile kile, au tumia koili ndogo, kwa kuwa inaona udongo kidogo kwa wakati mmoja. Wengi wanaogopa kupunguza usikivu wakidhani wanapoteza kina. Kwenye udongo huu ni kinyume chake: mashine yenye usikivu wa wastani na utulivu itaona sarafu iliyo sentimita 12 ambayo mashine inayopiga kelele haitakuonyesha hata ikiwa sentimita tano.

Kuna wanaokuja na mashine za dhahabu kutoka Geita au Chunya, zile za mpigo. Udongo mwekundu hauzisumbui sana, ni kweli. Ila haziwezi kukutofautishia vizuri msumari na sarafu, na kwenye eneo la vita, ambako senyenge, misumari ya masanduku na mikebe ya chakula imetapakaa, utachimba kutwa nzima na kujaza ndoo ya kutu.

Mlio unakuja mahali pamoja tu, pana kama meza

Huu unawachanganya hata wazoefu. Mlio si mkali, hauna katikati, na nusu hatua pembeni umekwisha. Kwanguakwangua udongo wa juu. Ukiona weusi na vipande vya mkaa, umesimama juu ya tanuri la zamani la mkaa, au mahali palipochomwa magogo wakati wa kufyeka shamba. Moto hugeuza chuma kilichomo kwenye udongo mwekundu kuwa cha kisumaku zaidi, na mashine inakisikia.

Lakini usiondoke upesi. Moto huohuo unaweza kuwa wa kambi. Askari walipika, walikaa kuuzunguka moto, na pale walipokaa ndipo vifungo vilipokatika na sarafu zilipodondoka. Weka alama katikati, sawazisha mashine juu ya udongo uliochomwa wenyewe, kisha upite taratibu ukingoni.

Mlio ulikuwepo, nimechimba, umepotea

Sababu ya kawaida ni nyepesi: kitu kiko kwenye udongo ulioutoa. Pitisha koili juu ya shimo, kisha juu ya lundo. Kikiwa kwenye lundo, ligawe mara mbili, pima, gawa tena. Usipekue kwa vidole ovyo; kifungo kilichopakwa udongo mwekundu hakitofautiani na kokoto.

Ikiwa shimo na lundo vyote vimenyamaza, kuna mambo mawili. Sarafu inaweza kuwa imegeuka na kusimama kwa ukingo, na koili ikipita juu yake inaona mstari mwembamba tu. Pitisha koili kutoka upande mwingine wa shimo. Au kilikuwa chuma kilichooza. Msumari wa miaka mia moja hueneza kutu kwenye udongo unaouzunguka, mashine inausoma mkusanyiko wote kama kitu kikubwa, na ukiuvunja kwa sepetu mkusanyiko unasambaratika. Ukiona doa la rangi ya machungwa kwenye ukuta wa shimo, hilo ndilo jibu lako. Funika shimo uendelee.

Mara nyingine mlio ni wa jiwe tu. Mawe fulani meusi ya volkeno hulia kabisa kama metali. Lipitishe mbele ya koili ukiwa umelishika mkononi. Ukilipata moja, tembea nalo mfukoni mwa begi, ulitumie kujifunza sauti yake.

Nachimba misumari na vizibo tu

Chuma kilichopinda na chuma bapa hudanganya. Msumari uliokunjika, kipande cha mkebe wa nyama wa jeshi, kizibo cha soda: vyote vinaweza kutoa mlio wa juu unaofanana na wa fedha. Dawa iko kwenye mkono wako zaidi ya kwenye kioo cha mashine. Ukipata mlio mzuri, zunguka robo duara na upitishe koili tena kwa njia ya msalaba. Sarafu iliyolala inatoa sauti ile ile pande zote. Msumari unalia vizuri upande mmoja, na ukigeuka unakoroma au kunyamaza. Kisha inua koili polepole: sarafu hufifia haraka, mkebe mkubwa unaendelea kulia hata ukifika usawa wa goti.

Kwa vizibo, vuta koili kuelekea kwako mpaka ukingo wake ndio pekee unaogusa shabaha. Kizibo cha chuma hapo huvunja sauti na kuonyesha chuma. Ni ujuzi wa sikio, unakuja kwa kurudia. Tumia hedifoni, upepo wa Taveta mchana hauruhusu kusikia tofauti hizo kwa spika.

Najua sarafu zipo, mashine haisemi

Tatizo hili husababishwa zaidi na kichujio, mpangilio wa kuzuia milio ya metali usizozitaka. Mtu amekipandisha ili asisumbuliwe na misumari na karatasi za sigara, na amezifuta sarafu pamoja nazo. Lazima ujue zilizotumika wakati ule zimetengenezwa kwa nini.

Rupia ya fedha, ya Kijerumani au ya India, ina gramu 11.66 na upana wa milimita 30 hivi. Hiyo inalia juu, haina shida. Heller moja, sarafu ndogo ya Kijerumani ya bronzi, iliyotolewa kuanzia 1904, ni ndogo lakini inasikika. Heller tano ya 1908 na 1909 ni pande la bronzi la milimita 37, gramu 20, na wengi wanaiacha wakidhani ni kifuniko cha mkebe. Zinazopotea ni zile za shaba na nikeli zenye tundu: heller 10, heller tano za 1913 na 1914, na senti za upande wa Waingereza. Mchanganyiko huo haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo namba yake kwenye kioo cha mashine inaangukia pale pale panapoangukia karatasi ya alumini na vile vipete vya kufungulia makopo. Senti moja ya kwanza kabisa ya Kiingereza, ya 1907 na 1908, ni alumini tupu. Ukiufuta ukanda huo wa namba, umezifuta. Tundu lenyewe halidhuru; umeme unazunguka pembeni yake bila shida. Kinachoua mlio ni sarafu iliyopasuka hadi ukingoni.

Jambo jingine: wengi hupima mashine kwa sarafu ya mfukoni. Shilingi moja ya Kenya ya 2018 ni chuma kilichopakwa nikeli. Mashine ikiikataa, inafanya kazi yake sawasawa. Ombeni bibi na babu senti 10 ya zamani yenye tundu, ya bronzi, mara nyingi haikosekani kwenye kikopo cha vifungo. Izike sentimita 10 kwenye udongo wa eneo lenyewe, uikanyage kidogo, kisha upige koili. Kupima hewani hakukuambii chochote kuhusu ardhi ya Salaita.

Ukienda Tanga, ambako Waingereza waliteremkia Ras Kasone mwezi Novemba 1914, tatizo linabadilika. Mchanga si mwekundu, ila ukiwa umelowa maji ya bahari chumvi inapitisha umeme na mashine ya masafa mamoja inachanganyikiwa. Pandisha kichujio kidogo ufanye kazi mchanga mkavu, au tumia mashine ya masafa mengi kwa pamoja.

Mlio mzuri, kumbe ni ganda la risasi

Kwangu hili halipaswi kuitwa tatizo. Ganda la risasi la shaba ya njano linasomeka karibu sana na vifungo, na hakuna namna ya kuvitenganisha kabla ya kuchimba. Lakini usilitupe. Tazama kitako. Ganda la .303 la Kiingereza lina mdomo uliotokeza kuzunguka kitako. La Mauser ya milimita 7.92 halina, lina mfereji tu. Ganda nene la milimita 11 ni la Mauser ya 1871, bunduki ya baruti nyeusi ambayo askari wengi wa Schutztruppe walianza nayo vita, na moshi wake uliwaonyesha walipo kila walipofyatua. Futa kitako kwa kidole chenye maji, usome herufi na mwaka.

Sasa weka alama ya mahali kwa simu, kila ganda peke yake. Ukipata mstari wa maganda ya .303 kwenye mteremko, na mita mia kadhaa mbele yake mstari wa milimita 11 kwenye ukingo wa handaki, una ramani ya mapigano. Ukiyakusanya yote kwenye mfuko mmoja, umebaki na kilo mbili za shaba. Naumia kila nikiona mfuko wa aina hiyo, maana wengi wa Waafrika waliopigana pale na waliobeba mizigo hawakuandika kumbukumbu. Mahali kitu kilipolala ndiyo karatasi waliyotuachia.

Kifungo nacho ni hivyo hivyo. Cha kawaida kwa jeshi la Kiingereza ni cha shaba ya njano chenye nembo ya kifalme, na nyuma huwa na kitanzi na mara nyingi jina la kiwanda, pengine cha Birmingham. Kile bapa chenye matundu manne ni cha suruali. Namba inayorukaruka kwenye kioo, mara juu mara chini, huwa ni kifungo kilichobondwa au chenye sehemu ya chuma nyuma. Chimba hata kama hakikupi matumaini.

Mlio mkubwa sana, wa kina, wenye umbo refu

Acha kuchimba. Mizinga na mabomu ya mkono yalitumika kwenye vita hivi, na baruti iliyokaa ardhini karne nzima haijawa salama; kutu inaweza kuifanya iwe nyepesi zaidi kulipuka. Ukifukua ukaona chuma cha mviringo chenye mkanda wa shaba kiunoni, ondoa mkono. Usikivute, usikigonge, usikimwagie maji, usikipige picha kwa karibu. Rudi ulikopitia, weka alama inayoonekana kwa mbali, zuia watoto na mifugo, upige simu polisi. Wao ndio watakaowaita wataalamu wa mabomu. Hakuna kifungo kinachostahili vidole vyako.

Imetoka na unga wa kijani

Kijani kigumu na laini kwenye bronzi ni ngozi ya sarafu, kiache. Kijani kilichopauka, cha unga, kinachotoka ukigusa na kurudi baada ya wiki, ni kloridi inayokula shaba kutoka ndani, na hupatikana zaidi pwani. Iloweke kwenye maji yaliyokenekwa (distilled water, yale ya kuongezea kwenye betri, si asidi yake), badilisha maji kila baada ya siku chache, kisha ikaushe kabisa na kuihifadhi pakavu. Ndimu, siki, majivu na dawa ya meno vinang'arisha kwa dakika tano na kufuta maandishi milele.

Rupia imeshika sumaku

Basi si rupia. Fedha haishiki sumaku, dhahabu wala bronzi pia. Biashara ya "rupia za Mjerumani" imejaa nakala za chuma zilizopakwa, na wanaoahidi mamilioni kwa rupia ya kawaida wanatafuta pesa yako ya "maandalizi". Pima uzito kwa mizani ya sonara.

Inayoigizwa sana ni rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, yenye tembo mbele ya mlima, iliyopigwa 1916 kwenye karakana ya reli wakati Wajerumani walikuwa wamezingirwa na hawapati sarafu kutoka kwao. Ya kweli ina gramu 7.17 hivi. Nakala ya shaba ya njano yenye upana na unene ule ule inakaribia gramu 4 tu. Wakati huohuo karakana ilitoa heller 20, nyingine kwa shaba ya njano, zenye taji na herufi T. Hizo zimepigwa vibaya, zimepindapinda, hazifanani mbili. Ukiokota moja iliyokaa kama imetengenezwa kwa haraka, usiitilie shaka kwa sababu hiyo. Zilitengenezwa kwa haraka.